Gari lako la hema juu ya paa: ulikodishe au liendelee kulala nyumbani?

Msomaji mmoja wa Jinja ameniandikia hivi:

"Dada, salaam. Mimi ni askari mstaafu. Nilipopata kiinua mgongo nilinunua Land Cruiser hadtopu, fundi wa Katwe akaniwekea keria imara, na juu yake nikafunga hema la kukunja. Ndani kuna friji ndogo, jiko la gesi, vyombo, meza na viti. Kila Desemba tunasafiri nalo hadi Arua kwa wakwe zangu, na mara moja kwa mwaka tunaingia mbugani. Siku zilizobaki limelala chini ya mwembe. Rafiki yangu ananiambia wageni wanakodi magari kama hili kwa dola na kujiendesha wenyewe. Bima yangu ni ile kubwa, si ya mtu wa tatu peke yake. Je, nianze? Nitoze kiasi gani? Na mke wangu anauliza: Krismasi tutakwenda Arua na nini?"

Afande, anza. Ila usianze na mteja. Anza na karatasi ya bima, kwa sababu sentensi yako moja tu ndiyo iliyonishtua: hiyo ya kusema bima yako ni kubwa.

Ichukue hiyo karatasi leo, tafuta mahali palipoandikwa matumizi ya gari. Nina hakika utakuta neno lenye maana ya matumizi binafsi. Bima kubwa ya matumizi binafsi inakulinda wewe na watu wako mkienda Arua. Siku unapopokea pesa ya mgeni na kumpa ufunguo, gari limekuwa la biashara, na ile ahadi ya kampuni ya bima inakufa hapohapo hata kama ulilipa ada yote. Mimi, ninayekodisha magari kama lako, nilijifunza kwa gharama. Gari langu la pili liligongwa kati ya Kyenjojo na Fort Portal. Mteja wangu, kijana mwaminifu kabisa, aliandika polisi kwamba gari ni la kukodi. Alisema kweli, na ile kweli yake ndiyo iliyofunga madai yangu. Kampuni ilinirudishia barua ya kurasa mbili yenye heshima nyingi na haikunilipa hata shilingi. Matengenezo yalinila akiba ya miaka mitatu. Siwalaumu waliosoma mkataba. Nilipaswa kuusoma mimi.

Kwa hiyo nenda kwa wakala wako wa bima na maswali manne, na majibu yake yawe ya maandishi yaliyoambatanishwa na mkataba, si maneno ya mdomo wala ujumbe wa simu. La kwanza, je, gari linalindwa likikodishwa kwa mtu anayejiendesha mwenyewe? Kukodisha pamoja na dereva ni jambo jingine, na kampuni nyingine hukubali hili na kukataa lile. La pili, je, dereva mwenye leseni ya nchi yake anakubalika, na awe na umri gani na uzoefu wa miaka mingapi? La tatu, je, bima inafuata gari likiingia barabara za udongo ndani ya hifadhi za taifa? La nne ndilo watu husahau: je, inalipa mteja mwenyewe akitoroka na gari? Mikataba mingi hulipa wizi wa mwizi aliyevunja kufuli, na hailipi wizi wa mtu uliyempa ufunguo kwa mkono wako. Kama kampuni yako haitaki biashara hii, ipo nyingine itakayotaka. Hakikisha tu ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda. Ada itapanda. Ikubali, maana bila hiyo huna biashara, una kamari.

Hapo hapo uliza kiasi unachobeba wewe mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Kiasi hicho ndicho kiwe amana unayomdai mteja. Nimeona watu wakitoza amana ya 300,000 huku mkataba wao unawataka wabebe milioni 2 za kwanza. Bampa ikipasuka, wanalia peke yao.

Sasa bei. Rafiki yako alikuambia habari ya dola kwa siku. Mimi nitakuambia habari ya kilometa, kwa sababu gari haliliwi kwa siku, linaliwa kwa kilometa. Gari lililoegeshwa kambini siku tatu pale hifadhi ya ziwa Mburo halijakula kitu zaidi ya vumbi. Gari lililokimbizwa hifadhi ya Kidepo na kurudi limekula matairi, bushi, shokamzoba na umri wake.

Tupige hesabu, na hizi namba ni za mfano tu, weka zako. Tuseme gari lako lina thamani ya milioni 70, na ukilitumia kilometa 150,000 litabaki na thamani ya milioni 40. Umepoteza milioni 30, yaani shilingi 200 kwa kila kilometa. Matairi manne ya shilingi 800,000 kila moja yakidumu kilometa 40,000, hapo ni shilingi 80. Sevisi ya shilingi 400,000 kila kilometa 5,000, shilingi 80 nyingine. Bushi, shokamzoba, springi na kazi ya fundi, tuseme milioni 2 kila kilometa 20,000, shilingi 100. Jumla ni shilingi 460 kwa kilometa, kabla ya tone la dizeli, ambayo mteja hujilipia.

Mteja anakuja kwa siku 8 na unamtoza shilingi 250,000 kwa siku. Milioni 2, pesa nzuri. Akizunguka kilometa 1,600, gari limekula 736,000. Bima ya mwaka tuseme milioni 3.5, ukikodisha siku 100 kwa mwaka ni 35,000 kila siku, kwa siku 8 ni 280,000. Kuosha, kushona hema, kujaza gesi, kifaa cha kufuatilia gari, weka 100,000. Imebaki 884,000. Kama mteja aliletwa na dalali au tovuti inayochukua asilimia 20 ya malipo, toa 400,000. Mkononi unabaki na 484,000 kabla ya kodi. Si haba.

Lakini mteja yuleyule, kwa bei ileile, kwa siku zilezile 8, akiamua aone Kidepo na pia masokwe wa Bwindi, atakimbiza gari kilometa 2,600. Kampala hadi Kidepo peke yake ni kama kilometa 570 hadi 700 kutegemea njia, na Bwindi iko pembe nyingine ya nchi. Gari limekula 1,196,000. Toa bima, toa yale mengine, toa dalali. Umebaki na shilingi 24,000. Umefanya kazi siku nane kwa nauli ya kwenda Kampala na kurudi Jinja.

Ndiyo maana mkataba wangu una kikomo cha kilometa 200 kwa siku, zikijumlishwa safari nzima, na kila kilometa inayozidi ina bei yake. Mteja hachukii ukimwambia mapema na kumwonyesha hesabu. Anachukia ukimwambia wakati wa kurudisha ufunguo. Kabla hujapanga bei yako, piga simu kwa wakodishaji watano wa Kampala na Entebbe, ulizia gari la aina yako lenye hema, uone soko liko wapi. Kisha rudi kwenye hesabu ya kilometa uone kama bei hiyo inakulisha. Kama haikulishi, usiishushe ili ushindane. Wapo wanaokodisha kwa bei ya chini kwa sababu hawajawahi kukaa na kalamu, na utawajua mwaka wa tatu, magari yao yakiwa juu ya mawe.

Tuje kwa watu. Wageni wanaotoka nje kwa likizo wana tabu ndogo kuliko unavyodhani: wamekuja na tiketi ya kurudi, wamelipa shilingi na dola kila mahali, wanataka kuona wanyama na kwenda zao. Hofu yangu iko kwa mteja wa hapa hapa anayetaka gari kwa haraka, siku mbili tu, harusi ya Masaka, analipa taslimu bila kubishana. Gari langu la kwanza liliondoka hivyo. Siku ya tatu simu yake haikushikwa. Siku ya tano nililikuta kwenye uwanja wa mkopesha pesa, pembezoni mwa Kampala, limewekwa rehani kwa logibuku (hati ya umiliki wa gari) ya kughushi yenye jina la yule mteja. Mkopesha pesa naye alikuwa ametapeliwa, kwa hiyo tulisimama wawili pale getini, kila mmoja ana karatasi, kila mmoja ana hasira. Nililirudisha baada ya wiki kadhaa za polisi na wakili.

Tangu siku hiyo logibuku halisi haiondoki sandukuni. Ndani ya gari huwa na nakala tu, na mkataba wa kukodi wenye sahihi za pande zote. Vifaa vya kufuatilia gari ni viwili: kimoja fundi yeyote angekiona, kingine hata fundi wangu wa sevisi hajui kilipo. Kifaa kinachozimwa ghafla saa nane za usiku ni habari, nami huamka. Mteja ninamweleza waziwazi kwamba gari linafuatiliwa, na imeandikwa kwenye mkataba, kwa sababu mtu ana haki ya kujua. Nakala ya pasipoti yake na ya leseni yake ninaitunza chini ya kufuli, maana Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuwajibisha wewe uliyezikusanya. Pasipoti yenyewe sishiki kamwe. Mgeni ataihitaji njiani na hotelini, na si mali yako kuiweka rehani.

Sasa saa ya kukabidhi. Afande, ningekuwa na nafasi ya kukufundisha jambo moja tu ningekufundisha hili, kwa kuwa faida na hasara ya safari nzima huamuliwa katika saa hii. Nasema saa nikimaanisha dakika 60, na 90 zikihitajika. Mteja ametoka uwanja wa ndege, amechoka, anataka kuondoka. Usimruhusu.

Kwanza mnazunguka gari pamoja mkipiga video, mchana, si kwa tochi. Kila mkwaruzo unautaja kwa sauti. Kioo cha mbele unakipitia kwa kidole, kwa kuwa kokoto za lori huacha nyota ndogo ambayo baada ya siku mbili za mashimo huwa ufa mrefu. Matairi, tairi la akiba, jeki, spana, pembetatu za hatari, kizima moto. Mafuta yako wapi kwenye geji. Namba ya kilometa.

Kisha magurudumu ya mbele. Hadtopu yako kama ni ya zamani ina kitovu cha kuzungushwa kwa mkono katikati ya kila gurudumu la mbele, kimeandikwa FREE na LOCK: kikiwa FREE injini haiyavuti magurudumu ya mbele, kikiwa LOCK inayavuta. Mgeni aliyezoea gari la kubonyeza kitufe hajawahi kukiona kitu hicho maishani mwake. Walimu wawili kutoka Ujerumani walinipigia simu wakiwa barabara ya Katunguru kwenda Ishasha, mvua ya Novemba imenyesha usiku kucha. Ile barabara inapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na ikilowa malori huzama mpaka ekseli na kuziba njia nzima. Walisema fowili (ule uvutaji wa magurudumu yote manne) imekufa, wameweka mkono wa gia ya chini, magurudumu ya mbele hayazunguki. Nikawaambia: shukeni kwenye matope, pangusa katikati ya gurudumu la mbele, soma neno lililoandikwa. Kimya. Kisha nikasikia mama akicheka kwa uchovu. Vitovu vyote viwili vilikuwa FREE. Walikaa hapo saa tatu kwa jambo ambalo ningewaonyesha kwa sekunde ishirini. Siku hizi mteja anainama mwenyewe, anazungusha kwa mkono wake mwenyewe, anaingia ndani, anaweka gia ya chini na kusogeza gari mita kumi mbele ya macho yangu. Kumwonyesha tu hakutoshi. Mikono yake ndiyo ikumbuke.

Halafu hema. Mfungulie mara moja, kisha yeye alifungue na kulikunja peke yake wewe ukiwa umekaa kando. Ngazi ikae kwa mwinamo sawa, isisimame wima. Zipu zinakula vumbi jekundu na kukwama. Kipande cha mshumaa kikipitishwa juu ya meno yake zinateleza kama mpya, kwa hiyo acha mshumaa kwenye droo. Hema likikunjwa bichi asubuhi ya mvua, jioni lifunguliwe likauke, la sivyo siku ya tatu linanuka uvundo ambao hautoki. Chakula kisilale ndani ya hema hata ndizi moja, nyani na tumbili wa kambini wanajua zipu kuliko sisi. Na pale ziwa Mburo viboko hupanda nchi kavu usiku kula majani na kupita katikati ya kambi, kwa hiyo aliyelala juu asishuke ngazi gizani kwa haja ndogo. Awe na chombo. Mambo haya wageni hupenda kuyasikia, na ukiyasema kwa utulivu wanakuamini hata kwa yale ya bima.

Rangi ya hema lako hukuitaja. Kama ni ya buluu iliyoiva au nyeusi, fikiria kulibadilisha. Mbung'o wa hifadhi ya Murchison huvutwa na rangi hizo hasa. Ndiyo maana mitego ya mbung'o inayotundikwa kule hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Kaki au rangi ya mchanga ndiyo salama. Na kwa kuwa wewe ni askari mstaafu: pekua gari lote utoe kila kofia, begi au koti la madoadoa ulilowahi kusahau. Sheria ya nchi hii inamkataza raia kuwa na mavazi ya jeshi, na mgeni wako akikutwa nalo kwenye kizuizi hatakuwa na la kujieleza. Waambie pia wasije na suruali zao za madoadoa walizonunua kwao dukani.

Jambo la mwisho la kukabidhi ni mwendo. Hema la paa lina uzito wa kilo 50 hadi 70, liko juu kabisa ya gari ambalo tayari ni refu. Kona ambayo ulikuwa ukiikata kwa raha sasa inaweza kulilaza gari. Mimi nawaandikia kwenye mkataba mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa kwenye lami na 60 kwenye udongo, na ndani ya hifadhi ni 40 kwa kanuni za Mamlaka ya Wanyamapori. Kifaa cha kufuatilia kinaniambia wakizidi, nami hupiga simu mara moja, kwa upole. Hakuna kuendesha usiku. Boda bila taa, ng'ombe, lori lililoharibika likiwa na matawi ya miti barabarani badala ya pembetatu: wewe unayajua haya, mgeni hayajui. Akigonga mtu, asisimame katikati ya umati wenye hasira. Aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, kisha anipigie. Akisimamishwa na trafiki mwenye sare nyeupe na kuandikiwa faini, achukue karatasi, alipe kwa njia iliyoandikwa humo, asitoe noti dirishani. Faini ambazo hazikulipwa hubaki kwenye namba ya gari, na namba ya gari ni wewe.

Mipaka? Kenya na Rwanda naruhusu kwa barua yangu na kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvuka mipaka, nikiwakumbusha kwamba Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Kongo siruhusu.

Upande wa serikali sitakukawiza. Sajili jina la biashara URSB (ofisi ya usajili wa biashara), chukua TIN (namba ya mlipa kodi) ya URA, mamlaka ya mapato, ambayo hutolewa bure, lipia leseni ya biashara ya jiji la Jinja, na uende Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kitengo cha leseni za usafirishaji, uwaulize kwa maandishi ni leseni gani inalihusu gari lako la kukodi. Tunza kila risiti, ya tairi hata ya mshumaa. Mkataba wako wa kukodi mwandikishe wakili mara moja, kisha utautumia miaka. Na ujue kwamba mteja wa hapa nchini akikataa kulipa uharibifu usiozidi milioni 10, ipo mahakama ya madai madogo ambayo huna haja ya wakili ndani yake. Nimeitumia mara mbili.

Kuna kitu kimoja hukuuliza ambacho mimi naona kinakufaa kuliko kukodisha ufunguo. Wewe ni dereva, umezijua barabara za nchi hii zikiwa mbaya kuliko zilivyo leo, una nidhamu, unaongea Kiswahili na Kiingereza. Kwa nini usiende na gari mwenyewe? Wageni wengi wanataka hema na moto wa jioni lakini wanaogopa kuendesha. Leseni yako ya udereva itabidi iwe ya daraja la kubeba abiria, na ukianza kuuza safari nzima badala ya gari tu, Bodi ya Utalii itakutaka uwe na leseni yao. Lakini gari likiwa mikononi mwako bushi hudumu mara mbili, usiku unalala, na malipo ya dereva yanabaki nyumbani. Ningekuwa wewe ningefanya safari tano za kwanza hivyo. Utajifunza gari lako linavyochoka chini ya wageni kabla hujawaachia.

Njia nyingine ni kulikabidhi kwa kampuni ya Kampala inayokodisha magari ya watu kwa kugawana. Haina usumbufu, lakini muulize mwenye kampuni: bima ni ya nani, nani analipa likiharibika njiani, na nipe nakala ya mkataba wa kila safari pamoja na kilometa. Akisitasita kwenye hilo la kilometa, rudi Jinja na gari lako.

Kuhusu mkopo ninasema kwa nguvu: usikope kununua gari la pili mpaka la kwanza limekulisha miaka miwili. Biashara ya wageni hukatika bila hodi. Mwaka 2020 Entebbe ilifungwa kwa abiria kuanzia Machi hadi Oktoba. Septemba 2022 ikaja Ebola ya Mubende. Oktoba 2023 watalii wawili na mwongoza njia wao Mganda waliuawa ndani ya Queen Elizabeth, Mungu awarehemu wote watatu, na wiki ileile wateja wangu wanne waliahirisha safari. Niliwarudishia pesa zao. Niliweza kwa sababu sikuwa na benki mlangoni, na watatu kati yao walirudi mwaka uliofuata. Andika mapema kwenye mkataba nani anarudishiwa nini safari ikifutwa, na pesa ya mteja ambaye hajaondoka usiiguse.

Sasa mke wako. Swali lake ni zito kuliko yako yote mawili, mjibu kabla hujampigia wakala wa bima. Msimu wa wageni ni Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, mvua zikipungua. Maana yake Krismasi, wakati mnapolihitaji kwenda Arua, ndipo wageni nao watalililia kwa bei ya juu. Wiki mbili za mwisho wa Desemba zinaweza kuleta kiasi ambacho Aprili na Mei zote mbili hazileti. Kaeni mezani na kalenda. Kama Arua ndiyo furaha ya mwaka wenu, zifungeni siku hizo sasa hivi kwa kalamu nyekundu, na mteja yeyote akija na dola zake mwambie gari limeshachukuliwa, kwa kuwa kweli limeshachukuliwa. Au mkubaliane kwenda kwa basi Krismasi, na gari liwe lenu likizo ya shule ya Mei, wakati kambi ni tupu na majani ni mabichi, ila Ishasha mngoje ikauke. Nimeona ndoa zikikorofishana kwa sababu gari lilikodishwa siku ambayo bibi alikuwa ameshafunga mizigo ya kwao. Muulize yeye anataka ipi kati ya hizo mbili, na jibu lake uliandike kwenye kalenda kabla ya jina la mteja wa kwanza.